Amplifaya ya Gita kwa Kurekodi Studio: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanamuziki wa Nairobi

Majibu haya ni ya wapiga gita, maprodyusa wanaofanyia kazi chumbani, na wenye studio ndogo hapa Nairobi. Amplifaya ya jukwaani na ya studio ni vitu viwili tofauti, na pesa nyingi hupotea kwa sababu mtu amenunua ya kwanza akitarajia kazi ya pili. Naamini kwamba kwa kurekodi, amplifaya ndogo iliyo safi, ndani ya chumba kilichotulizwa, huishinda amplifaya kubwa yenye jina kubwa karibu kila mara.

Nianzie wapi kuchagua?

Anza na muziki utakaorekodi, halafu uangalie chumba, halafu stima. Jina la kampuni lije mwisho. Mtu anayerekodi benga Kasarani na mwingine anayerekodi roki nzito Kileleshwa hawahitaji kifaa kimoja, hata wakiwa na bajeti sawa. Jiulize pia kama gita ndilo litakalobeba wimbo au litakaa nyuma ya sauti ya mwimbaji. Gita la nyuma halihitaji besi nyingi wala mkwaruzo (distortion) mnene, maana nafasi hiyo inatakiwa na gita la besi na ngoma.

Nahitaji wati ngapi?

Chache kuliko unavyofikiri. Ili sikio lisikie sauti imekuwa maradufu, inabidi ipande kama desibeli 10, na desibeli 10 zinadai nguvu mara kumi. Maana yake, amplifaya ya wati 50 husikika takriban mara mbili tu ya ile ya wati 5. Ukiongeza wati maradufu, kutoka 15 hadi 30 kwa mfano, unapata desibeli 3 pekee, tofauti ambayo msikilizaji wa kawaida anaweza asiitambue.

Spika nyingi za gita zina ufanisi mkubwa: wati moja inatosha kutoa karibu desibeli 97 hadi 100 ukiwa mita moja mbele yake. Hiyo tayari ni kelele ya kukukosanisha na nyumba nzima. Maiki iliyo sentimita chache kutoka kwenye spika haijali kama ukumbi ungejaa sauti au la. Inapokea kile kinachotoka mbele yake, basi.

Kuna sababu ya pili. Amplifaya ya valvu (mirija ya kioo inayokuza sauti) hupata utamu wake inapofanya kazi kwa bidii: valvu za mwisho hubana sauti kidogo, spika nayo huanza kuitikia. Ile ya wati 85 utafungua kitufe cha sauti hadi moja na nusu, na hapo haijaamka. Ya wati 5 hadi 15 utaifikisha mahali pake pazuri bila kuvunja madirisha. Kwa chumba cha nyumbani, nashauri wati 1 hadi 15 za valvu. Ukitaka transista, wati 20 hadi 50 ni sawa kwa sababu haihitaji kusukumwa ili isikike vizuri.

Valvu au transista, ipi bora?

Valvu hupokea mkono wa mpigaji. Ukidonoa kwa upole inabaki safi, ukikaza mkono inakwaruza kidogo, na mabadiliko hayo yanatokea polepole. Ndiyo maana wapigaji wa bluzi na gospeli huipenda. Lakini ina gharama: valvu huchakaa, hasa zile za mwisho kama EL84, 6V6, 6L6 na EL34, na hapa mjini huwezi kuingia duka lolote la vifaa vya muziki ukazikuta. Ukinunua amplifaya ya valvu, agiza seti ya akiba mapema, pamoja na valvu ya mbele ya 12AX7 moja au mbili. Hiyo ndiyo ile ile inayoitwa ECC83 Ulaya, usihangaike ukikuta jina la pili.

Transista ni nyepesi, haichagui mazingira, na inakaa safi hata ukiongeza sauti. Watu huidharau bure. Roland JC-120 (Jazz Chorus), iliyotoka mwaka 1975, ni ya transista, ina amplifaya mbili za wati 60 na spika mbili za inchi 12, na hadi leo wengi huichukua kama kipimo cha sauti safi ya gita. Ina mnong'ono kidogo wa nyuma ambao maiki itausikia, lakini ndani ya wimbo hauonekani. Kwa chumba kidogo, ndugu zake JC-22 na JC-40 zinatosha kabisa.

Napiga benga na rumba. Nichukue ipi?

Swali hili lina uzito kwangu, kwa sababu ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa na watu wa roki, na ukiufuata utaharibu benga.

Gita la solo la benga lina asili yake katika nyatiti ya Waluo: noti fupi fupi, kali, zinazofuatana kwa kasi, mara nyingi likirudia kile mwimbaji alichotoka kuimba. Kisha sauti za watu zinanyamaza na magita yanashika usukani. Ukisikiliza kazi za Daniel Owino Misiani na Shirati Jazz, kila noti ina mwanzo wake na mwisho wake. Mkwaruzo ukiingia, noti zinashikana na ule mfumano wa solo na rithim unapotea. Rumba iliyorekodiwa hapa Nairobi na bendi za akina Samba Mapangala nayo inataka hivyo hivyo: solo, mi-solo (gita la kati) na rithim kila moja ikae chumba chake, ili sebene (sehemu ambapo magita yanaongoza) ikianza uweze kufuata gita lolote unalotaka kwa sikio.

Kwa hiyo tafuta amplifaya safi yenye trebo inayong'aa bila kuchoma. Chaguo langu la kwanza ni za aina ya Fender: Princeton Reverb ya wati 12 au Deluxe Reverb ya wati 22. Chaguo la pili ni Jazz Chorus, na kwa solo ya benga kuna siku ningeitanguliza. Weka besi chini, pengine 2 au 3, midi (sauti za kati) katikati, trebo kwa kadiri gita lako linavyohitaji. Rivabu iwe kidogo tu wakati wa kurekodi. Utaiongeza kwenye miksi, lakini ikisharekodiwa huwezi kuiondoa.

Rekodi solo na rithim kwa amplifaya mbili tofauti ikiwezekana, au amplifaya moja yenye mipangilio tofauti. Magita mawili yenye rangi moja ya sauti hugombania nafasi moja, na prodyusa atalazimika kuyatenganisha kwa nguvu baadaye.

Fender, Vox na Marshall zinatofautianaje?

Leo Fender alianzisha kampuni yake California mwaka 1946. Amplifaya zake za miaka ya 60 zina sauti safi, besi nene na midi iliyozama kidogo. Vox AC15 na AC30 ni za Uingereza, zilitoka mwishoni mwa miaka ya 50, zinatumia valvu za EL84, na midi yake ya juu inalia kama kengele; gita la rithim lenye akodi nyingi hukaa vizuri sana humo. Jim Marshall alikuwa na duka la muziki London, na amplifaya yake ya kwanza, JTM45, iliigwa kutoka Fender Bassman. Baadaye kampuni yake ilihamia valvu za EL34, na hapo ndipo ule mkwaruzo wa roki unaoujua ulipozaliwa. Kwa roki, Marshall. Kwa gospeli ya kisasa yenye dilei na akodi pana, Vox au Fender.

Huhitaji kununua jina halisi. Kampuni nyingi hutengeneza amplifaya ndogo zinazofuata mifumo hii mitatu kwa bei ya chini.

Naishi kwenye ploti na ukuta ni mwembamba. Nifanye nini?

Una njia tatu. Ya kwanza ni amplifaya yenye swichi ya kupunguza nguvu. Boss Katana 50 hushuka hadi nusu wati na pia hutuma sauti moja kwa moja kwenye kompyuta kwa kebo ya USB. Fender Tone Master Deluxe Reverb, ya mwaka 2019, hushuka hadi wati 0.2.

Ya pili ni kifaa cha kubeba mzigo wa spika, kwa mfano Two Notes Captor au Universal Audio OX. Unakiunganisha mahali pa spika, amplifaya inafanya kazi kwa nguvu zake, na sauti inaingia kompyutani kimya kimya. Zingatia omu (kipimo cha ukinzani wa spika): kama amplifaya imeandikwa 8, kifaa kiwe cha 8. Na usiwashe amplifaya ya valvu bila spika wala mzigo wowote hata kwa dakika moja. Transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuungua.

Ya tatu ni programu.

Juu ya jirani, kumbuka Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, chini ya NEMA, na usiku viwango vinavyoruhusiwa ni vya chini zaidi. Rekodi gita la sauti kubwa mchana, na umwambie keateka mapema. Mtu aliyeambiwa kwamba ni saa mbili tu huvumilia.

Je, programu za kompyuta zinaweza kuchukua nafasi ya amplifaya?

Kwa kazi nyingi, ndiyo. AmpliTube, Guitar Rig, programu za Neural DSP, na Neural Amp Modeler ambayo ni ya bure kabisa, zimefika mahali ambapo ndani ya wimbo kamili hata masikio yaliyozoea hukosea. Prodyusa anayeanza na mwenye intafesi nzuri (kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta) angeanzia hapa kabla hajanunua amplifaya yoyote.

Mambo matatu yasipuuzwe. Kwanza, chomeka gita kwenye tundu la intafesi lililoandikwa Inst au Hi-Z. Kwenye tundu la laini sauti inakuwa dhaifu na butu. Pili, lazima uwe na mfano wa kabineti, yale mafaili yanayoitwa IR. Spika ya gita hukata sauti za juu kuanzia karibu hezi 5,000, na bila kazi hiyo mkwaruzo unasikika kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo. Tatu, punguza kuchelewa kwa sauti: ukiweka bafa (kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kuichakata) ya sampuli 128 kwenye hezi 48,000, ni kama milisekunde 2.7 kwa kuingia na nyingine kama hizo kwa kutoka. Mpiga benga atahisi kuchelewa kukizidi hapo sana, kwa sababu noti zake ni za kasi.

Kinachokosekana ni hewa. Gita likiwa karibu na spika inayopiga, nyuzi zinaitikia, noti inakaa muda mrefu, na mpigaji anabadilisha namna anavyocharaza. Mpigaji mwenye uzoefu huona tofauti hii mkononi kabla ya kuisikia, na ndiyo inayonifanya bado nitetee amplifaya halisi kwa solo.

Nimepata amplifaya nzuri ya mtumba kutoka Marekani. Itafanya kazi hapa?

Si kwa kuichomeka tu. Kenya ni volti 240 na hezi 50. Marekani ni volti 120 na hezi 60, Japani ni volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja, ukibahatika fyuzi itakatika. Usipobahatika transfoma itaungua.

Soma bamba la nyuma kwanza. Ikiandikwa 100–240V, huna shida, tafuta kebo tu. Ikiandikwa 120V peke yake, utahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo mkubwa kuliko mahitaji: amplifaya inayokula wati 150 ipe transfoma ya wati 300 au zaidi, tena iliyotulia, maana zile za bei rahisi huvuma na maiki itaunasa mvumo huo. Transfoma haibadilishi hezi, hivyo kifaa kilichotengenezwa kwa hezi 60 pekee kitapata joto zaidi hapa. Baadhi ya amplifaya zina nyaya ndani za kuunganishwa kwa volti 230 au 240, na fundi anayezijua anaweza kuzigeuza.

Ndiyo sababu napendelea mtumba wa Uingereza. Volti zinaelewana na zetu, hezi ni 50, na plagi ni ile ile ya pini tatu za mraba.

Kuna mvumo unaoingia kwenye rekodi. Unatoka wapi?

Mara nyingi kwenye stima. Mvumo mzito wa hezi 50 au 100 unaashiria tatizo la athi au pikapu za koili moja zinazonasa umeme wa chumbani. Geuka polepole na gita lako. Kuna upande ambapo mvumo unapungua, na hapo ndipo pa kukaa. Zima taa zenye swichi ya kufifisha, sogea mbali na skrini, toa chaja ya laptopu kwenye soketi uone kama kuna badiliko. Chomeka amplifaya, intafesi na kompyuta kwenye ekstensheni moja ili athi iwe moja.

Tafadhali usikate pini ya athi, wala usichomeke plagi ya pini mbili kwa kusukuma soketi na biro. Kama unahisi mdomo ukitekenywa na maiki, mwite fundi umeme aikague athi ya nyumba kabla ya kurekodi tena. Watu wamekufa kwa jambo hili.

Stima ikikatika je? Naweza kutumia inveta?

Inveta na UPS nyingi za bei nafuu hazitoi wimbi laini. Amplifaya itafanya kazi lakini itanguruma. Tafuta inveta ya wimbi safi la sini. Na stima inaporudi kwa kishindo, amplifaya isiwe imewashwa: izime mara tu giza linapoingia, au itumie kifaa cha kinga kama kile cha friji ambacho husubiri dakika chache umeme utulie.

Maiki gani, na niiweke wapi?

Shure SM57. Ipo tangu 1965, inastahimili kila kitu, na inapatikana hapa, ila jihadhari na bandia zake. Sennheiser e906 nayo ni nzuri, inaning'inia mbele ya kabineti bila stendi. Maiki ya riboni kama Royer R-121 hulainisha trebo kwa namna ya kupendeza, lakini ni ya bajeti nyingine.

Mahali pa maiki pana nguvu kuliko chapa ya amplifaya. Ikilenga katikati ya koni sauti inang'aa, mara nyingine inachoma; ukiisogeza kuelekea ukingoni inakuwa na joto na giza. Anzia pale kifuniko cha katikati kinapokutana na karatasi ya koni, umbali wa vidole viwili au vitatu kutoka kitambaani. Ukiisogeza karibu zaidi besi inaongezeka. Mwenzako apige kifungu kile kile huku wewe ukisikiliza kwa hedifoni na kusogeza maiki kidogo kidogo. Fanya hivi kabla ya kugusa kitufe chochote cha amplifaya.

Inua amplifaya kutoka sakafuni. Kreti ya soda inatosha. Sakafu ya simenti hurudisha besi inayovuruga.

Ukitumia maiki mbili, zisikilize pamoja. Sauti ikiwa nyembamba, geuza polariti ya moja, au uisogeze mpaka unene urudi. Na daima rekodi chaneli ya pili ya gita tupu kupitia DI boksi (kisanduku cha kuingiza gita moja kwa moja bila amplifaya). Siku ya miksi ukigundua sauti haifai, utaipitisha tena kwenye amplifaya nyingine bila kumwita mpigaji.

Trei za mayai ukutani zinasaidia?

Hapana. Hazizuii sauti kutoka, na zinameza trebo kidogo tu, tena zinashika moto haraka. Godoro nzito nyuma ya amplifaya, blanketi zilizokunjwa, kabati lililojaa nguo: hivyo ndivyo vitakavyotuliza chumba. Paa la mabati likianza kupigwa na mvua, acha kurekodi.

Nikague nini kwenye amplifaya iliyotumika?

Nenda na gita lako. Washa, uiache dakika ishirini, kwa sababu hitilafu nyingi hujitokeza kifaa kikipata joto. Zungusha kila kitufe: mkwaruzo wa vumbi unasafishika, lakini sauti inayokatika kabisa ni kazi ya fundi. Gongagonga valvu za mbele kwa kalamu ya plastiki; ikilia kama kengele, imechakaa. Nusa kama kuna harufu ya kuungua. Angalia koni kama imepasuka au kubandikwa gundi.

Usiifungue mwenyewe. Kapasita za amplifaya ya valvu hubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa.

Na gita kavu au gita la besi?

Gita kavu lisipite kwenye amplifaya ya gita la umeme. Litasikika kama limefunikwa. Liwekee maiki. Mtindo wa omutibo unaohusishwa na George Mukabi, wa vidole pamoja na mdundo wa chupa ya soda, unahitaji maiki moja nzuri ya kondensa na chumba kimya. Besi irekodiwe kwa DI, na kwa nyimbo nyingi hiyo inatosha.

Naenda kurekodi kwenye studio ya mtu. Nibebe amplifaya yangu?

Piga simu kwanza uulize mambo manne: wana amplifaya gani, ina hali gani, kuna chumba cha kutenga amplifaya na mpigaji, na je, bei ya saa inajumuisha muda wa kupanga maiki? Kama sauti yako inategemea amplifaya yako, ibebe, pamoja na fyuzi ya akiba, kebo mbili na nyuzi mpya zilizofungwa jana yake ili zisiendelee kulegea. Twin Reverb ina karibu kilo 30, kwa hiyo panga usafiri wa gari. Bodaboda haiwezi kuibeba salama, na valvu hazipendi mashimo. Ikifika, iache itulie dakika chache kabla ya kuiwasha, halafu uipashe moto wakati injinia anaendelea na ngoma.